Pumzi Safarini

Usingizi ni mapumziko ya tajiri na maskini, lakini si kila alalaye hupumzika. Wako watu ambao koo zao hulegea wakilala, njia ya hewa ikaziba, pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha wakashtuka, wakavuta hewa kwa kishindo na kulala tena. Jambo hili huweza kutokea mara nyingi katika saa moja, na mwenyewe asijue. Huamka na maumivu ya kichwa, na mchana husinzia kazini. Mimi ni mmoja wao.

Msaada wangu ni mashine ndogo iitwayo CPAP. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, ndiye aliyeibuni, na habari zake zilitangazwa mwaka 1981. Mashine hiyo huvuta hewa na kuisukuma kwa mpira mpaka katika barakoa iliyofungwa usoni. Ewe msomaji, kama umepata kuona mpira bapa wa kumwagilia mboga katika mashamba yetu ya Nyeri, umekwisha kuifahamu kazi yake. Mpira mtupu hulala, kuta zake zikagusana. Ukipitisha maji husimama wazi. Hewa hufanya vivyo hivyo kooni.

Nyumbani mambo ni mepesi. Safari ya usiku ndiyo impimayo mtu. Reli yetu, ifikayo Nanyuki, ilirudishiwa abiria mwaka 2020, lakini kwa safari ya mchana. Nilipotaka kwenda Kisumu nilishuka kwanza Nairobi, nikapanda garimoshi la usiku, ambalo lilirejeshwa mwaka 2021.

Msafiri wa namna yangu hana budi kujiandaa kwa mambo matatu. La kwanza ni umeme: asiutegemee wa behewani, bali achukue betri iliyojaa. La pili ni maji ya kulainisha hewa: ayamwage kabla ya kubeba mashine, yasije yakaingia ndani yake. La tatu ni baridi. Reli ya Kisumu hupanda Mau, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Huko hewa yenye unyevu hupoa mpirani ikawa matone, kama ukungu uonao kwenye vioo vya madirisha yetu mwezi wa Julai. Mpira ukifunikwa kwa blanketi, matone hupungua.

Ama jambo la nne halitiwi mkobani, nalo ni ujasiri. Si rahisi kujifunga barakoa mbele ya wageni. Nilipoitoa yangu, mazungumzo yalikoma, na mtoto mmoja akajificha nyuma ya mamaye. Mama yule aliniuliza kwa upole, “Mzee, hicho ni chombo gani?” Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba watoto hukoroma hivyo, halafu hunyamaza kimya hata nikamtikisa. Naye ni dereva wa matatu, Karatina na Nanyuki.”

Nilimwambia, “Mama, mpeleke hospitali akapimwe.” Si kila akoromaye ni mgonjwa, lakini dereva anayesinzia amebeba roho nyingi pamoja na yake. Kama ningalificha barakoa yangu usiku ule, mama yule angalishuka Kisumu bila kujua kwamba maradhi ya mumewe yana jina na yana msaada.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu havui miwani yake barabarani kwa kuogopa macho ya watu. Kwa nini basi aone haya kwa chombo kimpacho pumzi? Nawe, ukimsikia babu au baba akikoroma, kisha pumzi ikakatika, usicheke. Mwambie asubuhi, kwa adabu, ulilolisikia. Maana mwenyewe alikuwa amelala, na wewe ndiye shahidi.