Safari ya Chama Chetu Katika Mlima Satima

Katika Kenya iko milima ambayo kila msafiri huiona, lakini ni wachache waliokanyaga vilele vyake. Milima ya Nyandarua ni miongoni mwa hiyo. Mtu apitaye njia kuu ya Naivasha huiona upande wa mashariki, imejifunika mawingu kama mzee aliyejitanda blanketi asubuhi, naye hupita zake. Joseph Thomson alipopita nchi hizi mwaka 1883 aliipa jina la Lord Aberdare, rais wa Royal Geographical Society ya London. Walakini Wakikuyu walikuwa na jina lao tangu zamani, nalo ndilo nitakalolitumia hapa.

Chama chetu kina desturi ya kwenda milimani Jumamosi moja kila mwezi. Mara nyingi huenda Ngong au Longonot, ambako mtu aweza kupanda na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Safari hii tulikusudia Satima, kilele kirefu kupita vyote vya Nyandarua. Urefu wake ni meta 4,001, yaani zaidi ya futi 13,000, na katika Kenya ni Mlima Kenya na Mlima Elgon tu inayokipita.

Tulikuwa watu kumi na wanne. Tuliondoka Nairobi saa tisa za usiku, na baada ya kulisukuma gari letu katika matope mara mbili, tulifika upande wa kaskazini wa hifadhi jua likiwa limekwisha panda. Hapo tukapewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa kuwa nyati na tembo ni wengi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Kundi halitagawanyika. Bunduki ni moja." Sote tukaitikia bila kulifikiri neno hilo.

Huko juu hakuna msitu. Nchi ni wazi, nayo imejaa mafungu ya majani yafikayo magotini, na kati ya fungu na fungu pana tope jeusi. Ukikanyaga juu ya fungu, linayumba. Ukikanyaga kando, kiatu kinazama. Basi mwendo wetu ulikuwa kama wa watu waliolewa. Katika majani hayo husimama mimea iitwayo lobelia, mirefu kama mtu, hata kumpita. Mwalimu mmoja mstaafu, mkubwa wetu kwa umri, alitueleza kwamba usiku hukunja majani yake ili baridi kali isiue chipukizi lililo katikati. Asubuhi huyafungua tena.

Tulipumzika karibu na majabali yaitwayo Meno ya Joka. Ukungu ulikuwa ukipita kati yake, na upepo ulipenya makoti yetu. Milima hii ndiyo iliyowaficha wapiganaji wa Dedan Kimathi hata alipokamatwa mwaka 1956. Bibi mmoja katika kundi letu alisema ya kuwa baba yake alilala katika baridi hii miaka mitatu. Hakuongeza neno, wala hakuna aliyemwuliza.

Ilipokuwa saa sita na nusu, kilele kilikuwa mbele yetu, labda mwendo wa saa moja. Ndipo kijana mmoja, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitutangulia na kutucheka, akaketi chini. Alisema amechoka kidogo tu. Mwalimu akamtazama akamwuliza, "Mwanangu, kichwa kinakuuma tangu lini?" Kijana akanyamaza, kisha akatapika. Kumbe kilimwuma tangu tuliposhuka garini, akaona haya kusema.

Ugonjwa huu hauchagui mwenye nguvu. Nairobi iko kiasi cha futi 5,500, nasi tulikuwa tumepanda maradufu ya hapo kwa muda wa saa chache, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Lakini nani ashuke naye, na bunduki ni moja?

Sitaficha kwamba mimi nilikuwa mmoja wa walionung'unika. Nilisema aachwe akiwa amefunikwa vizuri, na watu wawili wakae naye, nasi twende mbio turudi. Wengine waliniunga mkono. Askari hakubishana nasi. Alionyesha kwa kidole kinyesi cha nyati, kibichi bado, hatua chache kutoka pale tulipokaa, kisha akauchukua mfuko wa kijana akauweka begani mwake. Mwalimu akamshika mgonjwa mkono, nasi tukafuata nyuma kimya, kila mtu na hasira yake.

Hatukwenda mbali kabla ukungu haujaziba kila kitu. Hatukuweza kumwona mtu aliye hatua kumi mbele, tukawa tunaitana kwa majina. Mara moja tulisikia kitu kizito kikikimbia katika majani upande wa kushoto. Askari akainua mkono, tukasimama tusipumue, hata sauti ikapotea.

Tulipokuwa karibu na gari kijana alianza kutembea peke yake, na baada ya kuketi kidogo garini akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili. Kisha akaniomba radhi kwa kunikosesha kilele, nami nikakosa la kumjibu, kwa maana alikuwa amesikia yote niliyosema kule juu.

Jioni, tulipokuwa tukirudi, mawingu yalifunguka. Satima ilionekana yote, nyekundu kwa jua la magharibi, wala hapakuwa na ukungu hata kidogo. Mwalimu alilisimamisha gari tuitazame. Kijana akauliza tutakwenda tena mwezi gani.