Kusafiria Nyota ya Mwenzio

Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Nimeutafakari usemi huo kwa siku nyingi sasa, kwa sababu katika maabara ya idara yetu kipo chombo kisichoweza kusafiri ila kwa nyota za wenzetu. Chombo hicho ni saa. Ndani yake mna kipande cha kwazi kinachotetema kwa mpangilio; lakini kwazi, kama mtumishi wa umma asiyekaguliwa, hupotoka polepole bila kujijua. Kwa hiyo saa hiyo husikiliza setilaiti za GPS, zinazoizunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 20,200 zikiwa zimebeba saa za atomiki, na hujisahihisha kwa kujilinganisha nazo.

Wiki tatu zilizopita fundi wetu wa maabara alikuta kioo chake kikionesha setilaiti 0.

Katika chumba cha wahadhiri hukumu ilitolewa kabla ya uchunguzi. Mmoja alisema Wamarekani wametufungia mbingu. Mwingine alisema chombo kimezeeka, tuombe fedha za kununua kipya. Hukumu ya kwanza haikuwa ya kipuuzi. Mfumo ule unaendeshwa na jeshi la Marekani, na hadi Mei 2000, Rais Bill Clinton alipoamuru jambo hilo likome, mawimbi waliyopewa raia yalikuwa yakivurugwa kwa makusudi. Anayekupa wakati anaweza kukunyima. Hata hivyo, simu ya mwanafunzi mmoja, ikiwa juu ya paa lilelile, iliziona setilaiti hizo bila shida.

"Mbingu haijafungwa, Daktari," fundi akaniambia. "Tuanzie chini."

Tukaanzia chini. Antena ya chombo hiki haina umeme wake yenyewe. Hulishwa volti 5 kupitia waya uleule unaoteremsha mawimbi. Tulipopima nyuma ya chombo, volti 5 zilikuwapo. Tulipopima juu ya paa, kwenye ncha inayoingia katika antena, hapakuwa na kitu. Tukaufuata waya mita kwa mita hadi juu ya dari, na hapo tukakuta kigawanyi kidogo kilichofungwa zamani ili antena moja ihudumie maabara mbili. Kigawanyi kile huruhusu umeme upite katika mlango mmoja tu, ili vyombo viwili visigongane. Mlango huo ulikuwa wa jirani zetu. Walihama jengo, waking'oa chombo chao, na hakuna aliyejua kwamba wao ndio waliokuwa wakiilisha antena. Tukauhamishia waya wetu kwenye mlango wao. Baada ya dakika chache ikaonekana setilaiti ya kwanza, kisha ya nne, kisha ya nane.

Sekunde zikawa sahihi, lakini tarehe ilikuwa nyuma kwa karibu miaka 20. GPS huhesabu majuma hadi 1023, kisha huanza tena 0. Ndivyo ilivyokuwa Agosti 1999 na Aprili 2019. Chombo ambacho programu yake haikusasishwa huweza kubaki katika zama zilizopita huku kikihesabu sekunde kwa usahihi wa kusifiwa. Hakuna aliyekuwa ameitazama tarehe hiyo kwa muda mrefu.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba saa ile haikusimama hata siku moja. Ikikosa setilaiti huendelea kwa kumbukumbu ya masahihisho ya mwisho, na kupotoka kwake huongezeka kidogo kidogo. Hesabu iliyohifadhiwa ndani yake ilionesha siku 19 za kwenda hivyo. Katika siku hizo wanafunzi wawili wa uzamili walichukua vipimo vya tasnifu zao. Sasa wanavirudia, na gharama ya muhula wa ziada ni yao wenyewe.

Ndivyo taasisi zetu nyingi zinavyokwenda. Vikao hufanyika, mihuri hugongwa, ripoti husomwa, na mlishaji alikwisha kuhama. Tarehe 12 Desemba 1970 pwani ya Afrika Mashariki ilishuhudia setilaiti iliyoitwa Uhuru ikirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano karibu na Malindi. Jina lilikuwa letu, chombo kilikuwa cha Wamarekani. Sidai kwamba kila nchi irushe setilaiti zake, wala sidai kwamba utegemezi ni aibu. Nadai kwamba tujue tunamtegemea nani, kwa waya upi, na nini kitatokea akiondoka.

Pembeni ya saa yetu sasa imebandikwa karatasi moja. Inaeleza antena iko wapi, umeme wake unatoka mlango gani, na nani aarifiwe kabla mtu hajang'oa chochote. Ningependa kuiona karatasi ya namna hiyo katika kila wizara inayopanga bajeti yake kwa fedha za wafadhili.