Meza ya Baba Paroko



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili naanza na ungamo dogo. Kwa miaka mingi nimeendesha vikao vya halmashauri walei nikiwa nimeketi jukwaani, nyuma ya meza kubwa ya mninga, nanyi mkiwa chini kwenye mabenchi kama watoto wa mafundisho. Nilizoea kulalamika kwamba wajumbe hawachangii mawazo. Meza sikuwahi kuilaumu.

Nilianza kuitilia shaka nilipotazama picha za Sinodi ya Maaskofu iliyofanyika Roma mwezi Oktoba 2023. Sinodi zilizotangulia zilikutana katika ukumbi wenye viti vilivyopanda ngazi kwa ngazi, wote wakielekea mbele. Safari hii walihamia Ukumbi wa Paulo VI, zikapangwa meza 35 za mviringo. Kardinali aliketi bega kwa bega na mtawa na mlei. Kila mmoja alipewa dakika chache za kusema bila kukatizwa, na baina ya mazungumzo wakanyamaza na kusali.

Mtu aweza kusema kwamba Kanisa haliongozwi kwa samani. Ni kweli, meza haipigi kura. Ndiyo maana hayati Papa Fransisko aliwapa kura hata wasio maaskofu, wakiwemo wanawake 54. Lakini mwenye kura akiketishwa nyuma kabisa, mkono wake huwa mzito kuinuka. Nasi tulikuwa na shule hiyo nyumbani tangu maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipohimiza jumuiya ndogondogo katika miaka ya 1970: pale mkekani kwa jirani, hata bibi kizee husema, tena husema sana.

Basi mwezi uliopita tuliacha jukwaa, tukapanga viti duara. Mama mmoja ambaye kwa miaka sita sijapata kuisikia sauti yake kikaoni aliuliza, kwa upole kabisa: "Baba, lile daftari la michango ya paa, mbona hatujapata kuliona?"

Ukumbi ulinyamaza. Nilihisi masikio yakipata moto. Daftari lilikuwa ndani ya mtoto wa meza ile ile, limefungiwa, na ufunguo umo mfukoni mwangu. Hakuna senti iliyopotea, namshukuru Mungu. Lakini ninyi mlitoa jasho lenu, nami nikawaachia kazi moja tu, ya kuniamini. Nilimjibu kwamba nitalileta. Usiku ule, nakiri, nilijaribiwa kuirudia meza yangu.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakutana katika darasa la wakatekumeni. Daftari litawekwa katikati, juu ya kigoda, nalo litapita mkono kwa mkono. Mweka hazina aje na kalamu, na mama yule, tafadhali, asisahau miwani yake.