Jina na Mahali Katika Uchaguzi

Jina ni mali ya ajabu. Mwenye nalo hulitumia kidogo kuliko wenziwe, maana wengine ndio walitamkao. Hurithiwa bila ya wasia, huazimwa bila ya ruhusa, na pengine huchukuliwa na mtu asiyekusudia kuiba. Thamani yake hudhihirika sana siku ya uchaguzi, ambapo mtu husimama peke yake mbele ya karatasi ya kura. Katika karatasi hiyo hamna sauti ya mgombea, wala habari za maisha yake. Limo jina lake, na kando yake aghalabu limo jina la chama. Asiyewajua wagombea hushika jina alilopata kulisikia, kama msafiri wa usiku ashikavyo njia aliyopata kuipita.

Jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, lina mfano ulio wazi wa jambo hili. Robert P. Casey, mwanasheria wa mji wa Scranton, alikuwa mkaguzi mkuu wa hesabu za jimbo tangu 1969 hata 1977, akapata sifa ya uaminifu. Mwaka 1976 mtu mwingine, Robert E. Casey, aligombea kazi ya mweka hazina wa jimbo, akashinda. Miaka miwili baadaye Casey wa kwanza alitaka kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea ugavana. Wakati huo huo somo yake wa tatu, mwalimu wa shule, alitaka kuteuliwa kugombea unaibu gavana. Mwalimu aliteuliwa, mwenye sifa alikosa. Jina lilifika, mwenyewe akabaki nyuma. Ugavana hakuupata mpaka 1986, alipogombea kwa mara ya nne, na hata hapo ilimpasa kuwaambia watu kuwa yeye ndiye Casey wa kweli.

Si haki kuwacheka wapiga kura hao. Katika uteuzi wa ndani ya chama wagombea wote ni wa chama kimoja, kwa hiyo jina la chama halimsaidii mtu kuchagua. Alama inayobaki ni jina la mgombea. Watu wale walitaka kulipa uaminifu waliouona, wakamlipa asiyewadai. Hapa ndipo penye hatari: jina huweza kubeba shukrani za watu maelfu, lakini halina macho ya kumtambua anayezistahili.

Walakini jina si mfalme wa uchaguzi. Vyama vinapokabiliana, mahali hulishinda mara nyingi. Marekani ina wilaya 435 za uchaguzi, na kila moja huchagua mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi. Maseneta huchaguliwa na jimbo zima, wawili kwa kila jimbo. Kila wilaya ina mwelekeo wake, nao hupimwa kwa kulinganisha kura zake za urais na kura za nchi nzima. Miji mikubwa aghalabu huelekea chama cha Democratic, na mashamba huelekea chama cha Republican. Palipo na mwelekeo mkubwa, mgombea asiyejulikana wa chama chenye watu humshinda mashuhuri wa chama kisicho nao.

Tena mahali penyewe huweza kutengenezwa kwa kalamu. Mwaka 2016 Pennsylvania ilipeleka katika Baraza la Wawakilishi wajumbe 13 wa Republican na 5 wa Democratic. Mwezi wa Januari 2018 mahakama ya juu ya jimbo ilibatilisha ramani ya wilaya iliyochorwa mwaka 2011, kwa kuwa ilipendelea chama kimoja, na mwezi uliofuata ikatoa ramani mpya. Katika uchaguzi wa Novemba kila chama kilipata wajumbe 9. Upepo wa mwaka ule ulikuwa mwema kwa chama cha Democratic, lakini upepo mwema haufai kitu chombo kikiwa kimefungwa gatini. Mistari mipya ndiyo iliyofungua kamba.

Basi jina lina nafasi wapi? Nafasi yake ni pale ambapo mizani imekaribia kulingana. Katika kaunti ya Bucks, kaskazini ya Philadelphia, Brian Fitzpatrick wa chama cha Republican alichaguliwa mwaka 2016 kushika kiti alichokiacha ndugu yake, Mike. Mwaka 2020 wilaya yake ilimpa Joe Biden wa Democratic kura nyingi za urais, na papo hapo ikamrudisha Fitzpatrick bungeni. Jina la ndugu lilimfungulia mlango. Mwenendo wake wa kuafikiana na chama cha pili ulimweka ndani.

Lakini nafasi hiyo ina mpaka, na mpaka wake ulionekana kwa mwana wa yule gavana. Bob Casey, mwenye jina la baba yake, alichaguliwa kuwa seneta mwaka 2006, akachaguliwa tena 2012 na 2018. Mwaka 2024 Pennsylvania ilimchagua Donald Trump kwa tofauti ya kura 120,000 hivi. Siku hiyo hiyo Casey alishindwa na Dave McCormick kwa kura 15,000 hivi, kati ya kura zilizokaribia 7,000,000. Jina, pamoja na utumishi wa miaka 18, lilipunguza pengo kwa zaidi ya kura 100,000. Ilikuwa kazi kubwa, lakini haikutosha. Jimbo lilikuwa limegeuka, na aliye juu ya mti hugeuka nao.

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'aa gizani. Ni kweli, lakini nuru ya jina ni ya kumwongoza mtu hadi mlangoni tu. Muungwana afikapo mlangoni hupiga hodi, husubiri sauti, na humtazama mwenyeji kabla ya kuingia. Mpiga kura naye, awe Scranton au penginepo, anapaswa kufanya vivyo hivyo: akilisikia jina alijualo, aulize ni nani aliyeitika.