Tulidhani Tuko Kwetu

Ndugu wasomaji, na khasa nyinyi vijana ambao mwajiandaa kwenda kutafuta riziki katika nchi za watu, tumeona ni vema tukupeni khabari za miaka mitano tuliyoishi ugenini, sisi mume na mke pamoja na mtoto wetu mmoja. Ugeni wenyewe si wa Ulaya wala wa Bara Hindi. Ni ugeni wa mwendo wa siku moja kwa basi, kutoka Mombasa tulikozaliwa mpaka Kibaha, mji ulio kando ya barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Tulifika huko mwezi wa Machi 2014, mmoja wetu akiwa ameandikwa kazi ya kufundisha hisabati katika shule moja ya watu binafsi.

Huenda msomaji akacheka na kusema: Mtu wa Mombasa atakuwaje mgeni Kibaha? Lugha ni moja, dini ni moja, na wali wa nazi ni ule ule. Nasi ndivyo tulivyosema tukicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuponza, kama mtakavyoona.

Kwanza nyumba. Kwetu tulizoea kulipa kodi mwezi kwa mwezi. Tulipofika Maili Moja, ambako ndiko kitovu cha mji wa Kibaha, mwenye nyumba wa kwanza alitaka kodi ya miezi sita kwa pamoja, na wa pili akataka ya mwaka mzima. Tena fedha ilitajwa kwa malaki, nasi tukashtuka kama watu wanaodaiwa diya, hata tulipokumbuka kuwa shilingi moja ya Kenya wakati ule ilikuwa karibu sawa na shilingi 19 za Tanzania. Hata baada ya kugawanya, miezi sita ni miezi sita. Godoro tulilinunua mwezi wa pili. Basi anayekwenda kuishi huko na asitie mkononi nauli peke yake. Naatie na kodi ya nusu mwaka, kabla hajafikiri juu ya kitanda na kabati.

Umeme hulipwa kabla ya kutumiwa, kwa nambari ndefu ambazo mtu huzibonyeza katika mita ya LUKU, na ukisahau kununua siku ya Ijumaa, huenda ukala daku ya Jumamosi kwa mshumaa. Maji ya bomba yalikuwa na siku zake. Siku nyingine tulinunua kwa madumu ya lita 20, na tulijifunza upesi kwamba pipa la akiba ni kitu cha kutangulizwa kuliko viti vya sebuleni.

Siku ya tatu mwenye nyumba alitupeleka kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye aliandika majina yetu katika daftari kubwa na kutuuliza tumetoka wapi, tunafanya nini na tuko wangapi. Mambo haya kwetu hatukuyazoea, nasi kwanza tuliyaona ni upekuzi. Baadaye tukajua faida yake. Bila ya barua ya utambulisho ya mwenyekiti huyo mambo mengi hayaendi, na yeye hawezi kumwandikia barua mtu asiyemjua. Mtu na aende mwenyewe, mapema, kabla hajawa na haja.

Lugha nayo, ingawa ni moja, ilikuwa na vichekesho vyake. Katika Kimvita tukimwita mtoto aje twasema, "Ndoo!" Siku ya kwanza mama wa nyumba alipomwita mtoto wetu uani kwa sauti, jirani, Mungu amlipe kheri, alitoka mbio na ndoo ya maji mkononi, akidhani kwetu kuna moto. Kisa hiki kilienea mtaani, na kwa miezi mingi wanawake walimwita mwenzetu kwa mzaha Mama Ndoo. Hali kadhalika neno mboga: kwetu ni majani, na huko hata samaki na nyama ni mboga. Tulialikwa chakula mara moja tukaambiwa mboga ni kuku, tukatazamana.

Msikitini ndiko ambako hatukuwa na haja ya kufasiriwa kitu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhisabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, safari yake imekatika: hapunguzi Sala tena. Sisi tulinuia miaka. Kwa hiyo tangu Adhuhuri ya kwanza tulisali rakaa nne kama wenyeji, begani kwa bega nao, na baada ya Sala watu walitushika mikono na kutuuliza tumepanga kwa nani. Jioni ile ile tuliletewa mihogo na kisamvu. Kwa hisabu ya msikiti tulikuwa wakaazi tangu siku ya kwanza. Serikali ina hisabu yake nyingine, na ni haki yake kuwa nayo.

Hisabu hiyo wengi katika sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatuijui, au twaijua nusu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, humruhusu raia wa nchi moja ya Jumuiya kuingia katika nyingine bila ya viza na kupewa pasi ya matembezi. Watu husikia hivyo wakadhani basi kazi nayo ni huria. Sivyo. Mwenye kuandikwa kazi Tanzania lazima awe na kibali cha ukaazi cha daraja B. Daraja A ni la wenye mitaji na biashara zao, na C ni la wanafunzi, watafiti na mfano wao. Kibali hicho hufungamana na mwajiri yule yule aliyekuombea, na kina siku ya kufa kama binadamu. Chetu kilikuwa cha miaka miwili. Shule ndiyo iliyokiomba, shule ndiyo iliyokipokea, na pasi zetu za kusafiria tuliziacha huko huko katika kabati la ofisi, tukiona ndipo penye salama zaidi kuliko nyumba ya kupanga.

Mwaka 2015 tulihamia Kiluvya. Kiluvya iko kwenye barabara hiyo hiyo ya Morogoro, lakini sehemu tuliyokaa sisi imo katika wilaya ya Kisarawe, na makao ya wilaya yako mbali, juu vilimani karibu na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Hivyo mtu hutazama magari ya Kibaha yakipita mlangoni kwake, na shida yake ikiwa ya wilaya humbidi apande pikipiki kwenda Kisarawe kwa njia ya vumbi, au ya tope, kwa kadiri ya majira. Mji wenyewe wa Kisarawe ulikuwa na kiu kweli kweli. Mradi wa kuupelekea maji kutoka Kibamba ulizinduliwa mwaka 2020, sisi tumekwisha kuondoka. Lakini Kiluvya tulipata kiwanja kipana, miembe miwili, na majirani Wazaramo ambao hatujaona mfano wao kwa kushikana wakati wa msiba na wa harusi. Hapo ndipo tulipozidi kusahau kuwa sisi ni wageni.

Mwaka huo huo wa 2015 ilipitishwa sheria ya kusimamia ajira za wasio raia, ambayo iligawanya jambo lile katika karatasi mbili: kwanza kibali cha kazi kutoka idara ya kazi, kisha kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Sisi hatukuisoma. Mwezi wa Februari 2016 tuliuliza shuleni juu ya kibali chetu, tukaambiwa, "Shughuli inaendelea, Mwalimu, usiwe na wasiwasi." Tukashukuru, tukarudi kupalilia mihogo.

Ilikuwa Shaabani, yaani mwezi wa Mei, alasiri ya Jumatano, simu ilipopigwa kutoka Mombasa. Mama yetu mzaa mume ameanguka bafuni, upande mmoja haufanyi kazi, wala hasemi ila jina la mwanawe. Tulikwenda shuleni mbio kuchukua pasi ili tupande basi la usiku. Kabati likafunguliwa. Maombi yetu yalikuwa humo humo, pamoja na picha zetu, chini ya madaftari ya ada. Karani hakujua kuwa sasa kwatakiwa karatasi mbili. Alipeleka moja, akarudishiwa, akaiweka mpaka apate nafasi. Kibali chetu kilikuwa kimekwisha wiki tano zilizopita. Kwa wiki tano tuliingia darasani, tukasali, tukaenda sokoni, na huku kwa mujibu wa sheria hatukuwa na haki ya kuwapo.

Hatuwezi kueleza usiku ule. Kijana mmoja, kwa nia njema, alituambia njia za panya huko mpakani ni nyingi, na watu hupita kila siku. Tulishawishika, tusiseme uongo. Tulikwisha kufunga begi.

Aliyetuzuia ni mzee mmoja, jirani yetu, ambaye katika ujana wake alikuwa akifanya kazi ya bustani katika ule mradi wa nchi za kaskazini mwa Ulaya uliojengwa Kibaha tangu 1963, wenye shule, kituo cha afya na chuo cha wakulima, ambao ulikabidhiwa Serikali mwaka 1970 na leo ni Shirika la Elimu Kibaha. Alikuja na bakora yake, akakaa juu ya begi letu.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimewatumikia wale Wazungu wa Kibaha. Kiswahili chao kilikuwa cha kuchekesha, na jua likiwachoma wanakuwa wekundu kama pilipili. Lakini hapana hata mmoja aliyesahau kuwa huku si kwao. Karatasi zao walikuwa wakizijua kama sisi tunavyojua watoto wetu. Nyinyi mmesahau. Na sisi ndio tuliowasahaulisha, maana tuliwaona wetu. Sasa ukipita porini ukakamatwa, mama hutamwona, na mkeo na mtoto watabaki na nani? Kesho nitakwenda nanyi."

Tangu siku ile twamkumbuka kila mara ndugu yetu mmoja anayeuza vito Bangkok. Huko hajui kusoma hata kibao cha dukani, hutafuta alama ya halali katika kila pakiti ya chakula, na kila siku 90 lazima aiarifu Serikali ya Thailand mahali anapokaa. Akizidisha muda wa ruhusa yake, kila siku ina faini ya baht 500. Ameandika tarehe yake kwa wino mwekundu nyuma ya mlango, na mpaka leo hajaikosa hata mara moja. Kila kitu kinachomzunguka humwambia kuwa yeye ni mgeni. Sisi kila kitu kilitwambia kinyume chake.

Asubuhi tulikwenda ofisini, yule mzee mbele, mwenyekiti pamoja naye. Tulisema kweli yote. Afisa alitukaripia, nasi tulistahiki, kisha akatueleza la kufanya, na shule ikaitwa kujibu ya kwake. Mzee alikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tisa, na alipoulizwa yeye ni nani wa hawa, alijibu, "Ni jirani."

Lakini karatasi huenda kwa mwendo wa karatasi. Siku ya tisa, Ijumaa, kabla ya jua kuchomoza, tulipata khabari kuwa mama amefariki. Walimzika kabla ya Sala ya Ijumaa. Hatukumwosha, hatukumshika jeneza, wala hatukuweka kiganja kimoja cha udongo.

Hatukumwambia mtu ila yule mzee. Baada ya Sala ya Ijumaa imamu alisimama akasema kuna mama yetu amefariki Mombasa, naye ana watoto wake humu. Watu wakapanga safu, wakamsalia Sala ya maiti asiyekuwapo. Wengi wao hawajapata kuvuka mto Ruvu, seuze kufika Mombasa. Tuliporudi nyumbani tulikuta mikeka imekwisha kutandikwa chini ya miembe, sufuria ziko motoni, na wanawake wamemzunguka mwenzetu. Kwa siku tatu hatukuwasha jiko.

Vibali vilitoka siku ya 12, tukaenda, tukasimama kaburini, tukarudi. Pasi zetu hazikulala tena katika kabati la mtu. Tarehe tuliiandika kwenye karatasi tukaibandika ukutani, pembeni mwa ratiba ya nyakati za Sala, na tuliihama nayo mpaka kazi ilipokwisha mwaka 2019.

Siku tuliyoondoka Kiluvya, basi lilipokwisha kuanza kwenda, wale wanawake walisimama kando ya barabara wakipunga kanga na kuita kwa Kimvita walichojifunza kwa Mama Ndoo: "Ndooni tena! Ndooni tena!"