Mate ni Shahidi

Waswahili walinena kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ukweli wa methali hii ulimdhihirikia ajuza mmoja wa Muhuru Bay, ufuoni mwa Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Kwa miaka miwili kinywa chake kilikuwa kikiwaka. Asubuhi kiliwaka kidogo, alasiri kikazidi, na jua lilipotua ulimi wake ulikuwa kama uliowekewa kaa la moto. Hata hivyo, kila aliyemmulika mdomoni hakuona kidonda wala uvimbe.

Kinywa hicho hakikuwa kigeni kwa maumivu. Alipokuwa kigoli aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini, kama ilivyokuwa ada ya Wajaluo zama zile. Maumivu hayo yalikuwa na mashahidi: damu ilionekana, pengo likabaki, na watu wakamsifu kwa kutolia. Haya ya uzeeni hayakuwa na shahidi yeyote. Katika zahanati alizozizuru aliambiwa hana kitu, akapewa dawa za kutuliza maumivu na kurudishwa nyumbani. Majirani nao hawakukosa la kusema. Baadhi walidai ni chira, adhabu ya kuvunja miiko. Wengine walinong'ona kuhusu UKIMWI, maana eneo hilo limeonja uchungu wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika Homa Bay, kaunti jirani, takribani watu wazima 20 katika kila 100 waliishi na virusi hivyo. Wateja wakaanza kuikwepa omena yake, ilhali virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa mate, sembuse kwa samaki waliokaushwa juani.

Mjukuu wake alikuwa akisomea Kiswahili chuo kikuu. Kila alipofunga safari ya masomo, nyanya alimshika viganja na kuvitemea mate kidogo, kumtakia heri. Siku moja alijaribu kufanya hivyo, ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena, wapi! Akaviachilia viganja vya mjukuu, akatazama kando. Binti hakupanda gari siku hiyo. Siku ya pili waliondoka pamoja kuelekea hospitali kubwa mjini.

Huko mjukuu aligeuka mkalimani. Daktari wa kinywa aliuliza, "Mama anahisi vipi?" Nyanya akajibu kwa Kijaluo, na msomi wa lugha akajikuta amekwama. Je, aseme kinywa kinawasha, kinachoma au kinawaka? Pilipili huwasha, mwiba huchoma, moto huwaka. Darasani tofauti hizo zilikuwa zoezi la semantiki. Hapa, neno moja likipotoka, nyanya angepewa dawa isiyokuwa yake. Hatimaye alisema, "Kinawaka, daktari, na moto wake huzidi jioni."

Daktari aliinamisha kichwa kuandika. Aliuliza iwapo mama amewahi kusafisha dhahabu kwa zebaki katika machimbo ya Macalder, kwa kuwa sumu hiyo huumiza ufizi na kukijaza kinywa mate. La, hakuwahi. Ndipo alipoomba jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliomba kabla: mate yake.

Kipimo chenyewe hakikuwa na makuu. Mama alikuwa hajala wala kunywa kitu kwa saa kadhaa. Alikaa wima, akainamisha kichwa, akayaacha mate yadondoke yenyewe katika kichupa chenye alama kwa dakika tano, bila kumeza. Mtu mzima hutoa takribani nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Zaidi ya asilimia 99 yake ni maji. Kilichobaki ni chumvi, protini na kinga zinazolinda ngozi laini ya kinywa. Mate ya mtu aliyetulia yakipungua mililita 0.1 kwa dakika, kinywa huhesabiwa kuwa kikavu. Kichupa cha mama kililoa chini tu. Baada ya hapo alipanguswa ulimi ili kutafuta kuvu, akatolewa damu ya kupima sukari, madini ya chuma na vitamini B12. Alishauriwa pia apimwe UKIMWI, akakubali. Jibu la kipimo hicho lilibaki baina yake na mhudumu, kama inavyostahili.

"Mama, kuna dawa unayotumia?" daktari aliuliza. Ajuza alifungua fundo la leso, akatoa tembe ndogo za mafua. Vumbi la omena lilimpigisha chafya, hivyo kila jioni alimeza tembe alizonunua dukani. Hakuzihesabu kuwa dawa, na hakuna aliyemuuliza. Kumbe tembe hizo, pamoja na kuzuia kamasi, hukausha mate!

Mate si kadhi wa kukata kila kesi. Wapo wagonjwa ambao mate yao ni tele na vipimo vyote ni safi, lakini vinywa vyao vinawaka kwa sababu ya hitilafu ya neva. Watafiti wangali wanachunguza mate yao wakitafuta dalili. Mate ni shahidi mmojawapo. Shahidi mwingine ni neno la mgonjwa, nalo pia hutoka kinywani.

Tembe ziliachwa. Mama alianza kujifunga kitambaa puani anapopepeta omena, na kunywa maji funda kwa funda. Baada ya majuma kadhaa moto ulipungua, ingawa jioni nyingine hurejea kidogo. Muhula uliofuata, mjukuu alipofunga safari, alinyoosha viganja bila kuambiwa. Yalidondoka matone mawili. Hakuyafuta mpaka gari lilipofika Migori.