UONGOZI HAUSOMWI KITABUNI TU



Yako mambo ambayo mtu huyajua kwa kuambiwa, na yako ambayo hayajui illa ayatende kwa mkono wake. Kuogelea ni katika hayo ya pili, na kuongoza watu ni katika hayo hayo. Tumeona vyema kuandika machache juu ya jambo hili, kwani vijana wetu siku hizi wasoma mpaka kufikia shahada ya uzamili ya biashara, na wazazi wengi wadhani ya kuwa mwenye cheti hicho amekwisha kuwa kiongozi.

Wenye vyuo wenyewe hawadhani hivyo. Chuo cha biashara cha Harvard, huko Marekani, kilianzishwa mwaka 1908, na kwa miaka mingi wanafunzi wake walisomeshwa khasa kwa kujadiliana khabari za makampuni na mashaka yaliyoyapata. Walakini mwaka 2011 chuo hicho kiliongeza somo jingine, ambalo wanafunzi hutolewa darasani, wakapelekwa nchi za mbali kufanya kazi ya kampuni pamoja na wenzao. Mtaalamu mmoja wa Kimarekani, David Kolb, alikwisha kuandika mwaka 1984 ya kuwa elimu ya namna hii ina hatua nne: mtu hutenda, kisha huyatafakari aliyoyatenda, kisha hutoa kanuni, kisha huijaribu kanuni hiyo katika tendo jingine. Na hapa kwetu Tanzania, Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, huwatoa wanafunzi wake wakajifunze kazini.

Khabari za wataalamu hao tulielezwa na kijana mmoja wa hapa Ugalla, ambaye alisoma alifu na be mbele yetu, kisha akaendelea na masomo mpaka akaipata shahada hiyo mjini. Aliporejea, wafugaji nyuki walimchagua kuwa katibu wa kikundi chao. Msomaji asiyeijua nchi yetu na ajue ya kuwa sisi twakaa katika misitu ya miombo, karibu na Mto Ugalla, ambao maji yake huingia Malagarasi na mwisho Ziwa Tanganyika. Asali ndiyo ada ya shule, ndiyo sare, ndiyo dawa ya mgonjwa. Tena Pori la Akiba la Ugalla lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na sheria za hifadhi ni kali zaidi; basi mfugaji nyuki aliye peke yake hana wa kumsemea. Kikundi kikivunjika, hasara ni ya nyumba nyingi.

Kijana yule aliandika mpango mzuri: asali yote ikusanywe ghala moja, ipimwe kwa kilo, wala mtu asiuze ndoo kwa mchuuzi apitaye. Wote wakaitikia. Wakati wa kulina ulipofika, nusu ya asali iliuzwa usiku. Akaitisha mkutano, akasoma kanuni, akataja faini. Wazee wakanyamaza. Kisha mmoja wao akamwambia, “Mwanangu, kalamu yako ni njema. Lakini hujui kwa nini mtu huuza usiku. Twende kambini.”

Akaenda. Alikaa kambini mwezi wa sita na wa saba, akabeba mienge, akapanda miti, akaumwa na nyuki, akalala chini na wenzake. Huko, usiku kando ya moto, ndiko alikopata yale yasiyosemwa mkutanoni: ya kuwa wengi walikopa unga kwa wachuuzi wakati wa masika, na deni hulipwa kwa asali, kwa bei aitakayo mchuuzi. Basi waliouza usiku hawakuwa wahaini, bali wadeni wenye haya.

Aliporudi alitujia akasema, “Maalim, nilikuwa nawaamuru watu nisiowajua.” Tukamwuliza, “Sasa wataka kufanya nini?” Akasema hatasema yeye, atamwomba yule mzee aseme. Mzee akasema, nao wakakubaliana kila mtu aweke fungu dogo wakati wa mavuno, ili mwenye shida akopeshwe na wenzake wakati wa mvua, bila ya riba. Msimu uliofuata, sehemu kubwa ya asali ililetwa ghalani. Wako wawili walioendelea kuuza kwao, nao hawakufukuzwa.

Sisi hatukustaajabu. Katika chuo chetu cha Kurani, mwanafunzi mkubwa hupewa wadogo watano awasomeshe. Siku ya kwanza hupiga kelele. Baada ya mwezi hujua ni nani mwenye njaa na ni nani asiyesikia vizuri. Wala jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume wetu (s.a.w.) alichunga mifugo ya watu wa Makka, kisha akasafiri na mali ya Bibi Khadija kwenda Sham, kabla ya kupewa kazi ya kuuongoza umma. Na mwaka wa 11 wa Hijra alimpa Usama bin Zaid uamiri wa jeshi, hali hajatimia miaka ishirini, na wakubwa wakiwa chini yake.

Basi, enyi wazazi, msingoje cheti ndipo mumpe kijana amana. Mpeni hesabu ya duka kwa wiki moja, mpeni kazi ya kugawa maji kisimani, kisha mkae naye mumwulize aliyoyaona. Nanyi vijana mliosoma, mkirejea kwenu, ombeni kwanza kubeba mzigo pamoja na watu, kabla ya kuomba kiti. Elimu yenu twaitaka, tena sana. Yule katibu asingeweza kupanga hesabu za lile fungu bila ya masomo yake.

Wa billahi tawfiq.